Fundi Anajibu: Betri Inasingiziwa, Alteneta Ndiyo Imechoka

Barua za mwezi huu zimekuja na malalamiko mbalimbali, lakini nyingi zinaishia mahali pamoja: gari lisilowaka asubuhi, taa zinazofifia, betri mpya inayozimika kabla hata haijashika vumbi. Nimeamua kuziweka pamoja. Mimi ni fundi wa umeme wa magari hapa Nakuru, na kila wiki naletewa betri zinazoitwa mbovu kumbe hazina kosa. Hazikuchajiwa tu. Jambo hili linaniuma, kwa sababu mwenye gari ametoa pesa ya karo au ya mbolea akanunua kitu ambacho hakikuhitajika, na ugonjwa umebaki pale pale.

Betri ya pili nayo imeanza kukataa

*Mama Fundi, habari ya kazi? Mimi ni mwalimu huku Njoro, nina Toyota Fielder ya mwaka 2008. Mwezi wa nne gari lilikataa kuwaka asubuhi, nikanunua betri mpya. Baada ya wiki tatu likakataa tena. Muuzaji, kwa uungwana wake, akanibadilishia betri, nayo sasa imeanza mchezo ule ule. Jirani anasema ni baridi ya huku inayoua betri. Je, nichukue kubwa zaidi? – Mwalimu, Njoro*

Pole sana, Mwalimu. Usinunue betri nyingine, iwe kubwa au ndogo, mpaka upime.

Betri ni ghala. Alteneta, mashine inayozungushwa na injini ili kuzalisha umeme, ndiyo shamba. Hata ukijenga ghala kubwa kiasi gani, shamba lisipotoa utakula akiba mpaka iishe. Ukiwasha gari, betri hutoa umeme mwingi kwa sekunde chache ili kuzungusha stata. Baada ya hapo kazi yote ni ya alteneta: plagi, pampu ya petroli, taa, redio, feni, pamoja na kuirudishia betri kile ilichotoa.

Hizo wiki tatu zako zinanieleza kitu. Alteneta iliyokufa kabisa ingemaliza betri kwa siku moja au mbili. Yako bado inafanya kazi, ila ama inatoa kidogo, ama inachaji mchana na kuvujisha usiku. Namna zote mbili unaweza kuzijua bila kufungua chochote.

Tafuta mita ya kupima umeme. Fundi yeyote wa waya anayo, na ya bei nafuu inatosha. Asubuhi kabla ya kuwasha, iweke kwenye volti za DC (umeme wa njia moja) na upime betri kwenye terminali zake. Betri iliyojaa husoma karibu 12.6. Ikisoma 12.2 imebaki nusu, na chini ya 12 imeisha. Sasa washa injini. Namba inapaswa kupanda hadi kati ya 13.8 na 14.5. Ikibaki 12.4 na kuzidi kushuka kadiri injini inavyonguruma, alteneta haichaji. Ikipanda vizuri, usishangilie bado: washa taa kubwa, feni ya ndani na kipasha joto cha kioo cha nyuma, vyote kwa pamoja, kisha utazame tena. Alteneta nzima hushuka kidogo, ikajikaza na kubaki juu ya 13. Iliyochoka huteremka hadi 12 na kitu na kukaa huko mpaka ukanyage mafuta. Katika karakana yangu, mteja ndiye anayeshika mita na kusoma namba kwa sauti. Akitoka hapo hahitaji kuniamini mimi, ameona mwenyewe.

Jambo moja la kuangalia kwa magari ya miaka ya karibuni: baadhi yana kompyuta inayopunguza kuchaji kwa makusudi betri ikijaa, ili kuokoa mafuta. Ukiona 12.9 kwenye gari la namna hiyo, usilihukumu mpaka uwashe taa kubwa uone kama namba itapanda.

Sasa kuhusu kuvujisha usiku. Ndani ya alteneta umeme huzaliwa ukiwa wa kwenda na kurudi, kama ule wa nyumbani, na hugeuzwa kuwa wa njia moja na vipande vidogo viitwavyo dayodi. Kwa kawaida huwa sita. Dayodi ni mlango wa upande mmoja, na mmoja ukiharibika umeme wa betri hurudi nyuma usiku kucha na kupotelea kwenye koili. Kuna kipimo cha mkono ambacho mafundi wazee wa hapa Nakuru hukitumia mpaka leo, nami nakiheshimu. Alfajiri, gari likiwa limelala tangu jioni, fungua boneti na uguse mgongo wa alteneta. Kila kitu kingine kitakuwa baridi ya Njoro. Alteneta ikiwa na uvuguvugu, kuna umeme uliokuwa ukipita humo usiku mzima. Ukitaka uhakika zaidi, washa injini, geuza mita iwe kwenye volti za AC (umeme wa kwenda na kurudi), na upime betri kwa njia ile ile. Ikizidi nusu volti, dayodi zina kasoro.

Kabla hujaenda kwa fundi, jiulize pia safari zako ni za umbali gani. Ikiwa ni nyumbani hadi shuleni, kilomita tatu nne, taa na feni zikiwa zimewashwa kwa ajili ya ukungu, hata alteneta nzima haipati muda wa kurudisha kilichotumika kuwasha gari. Hilo nalo lina dawa yake: mara moja kwa wiki lifikishe gari Nakuru mjini na kurudi.

Jirani yako ana haki kidogo. Baridi hupunguza nguvu ya betri, na iliyokwisha kudhoofika huonyesha udhaifu wake asubuhi. Lakini baridi ya Njoro haiui betri mpya kwa wiki tatu. Hiyo uliyo nayo ipeleke ichajiwe polepole kwa mashine usiku mzima, kwa sababu betri inayoachwa tupu kwa muda mrefu hushika salfeti kwenye vibamba vyake na kupoteza uwezo wa kubeba. Ukiwahi, itapona.

Taa nyekundu na breki ngumu

*Salamu, Mama. Naendesha matatu ya Kisumu–Busia, Hiace ya dizeli, injini ya 5L. Nikisimama steji taa nyekundu ya betri huwaka, nikikanyaga mafuta inazima. Wiki hii pedeli ya breki imeanza kuwa ngumu, na nimeona oili mgongoni mwa alteneta. Kondakta wangu anasema ni mambo mawili tofauti. Mwenye gari anasema tumalize mwezi kwanza. – Dereva, Kisumu*

Kijana wangu, hilo ni jambo moja. Nakuomba barua hii mwonyeshe mwenye gari leo, asiisubiri jioni ya hesabu.

Injini ya petroli hujivutia hewa kwa nguvu, na ule mvuto ndio unaosaidia mguu wako kwenye breki. Injini ya dizeli kama yako haina mvuto huo wa kutosha, kwa hiyo walioiunda waliiwekea pampu ya kuvuta hewa. Kwenye injini za Toyota zinazoitwa 2L, 3L na 5L, pampu hiyo imefungwa mgongoni mwa alteneta na huzungushwa na shafti ile ile ya alteneta. Inalainishwa na oili ya injini inayoletwa kwa mpira mwembamba na kurudi kwa mwingine. Sasa unaona mambo yanavyoungana. Sili iliyo kati ya pampu na alteneta ikichakaa, oili huingia ndani. Inazilowesha kaboni, vile vipande viwili vinavyogusa rota, sehemu inayozunguka ndani ya alteneta, na kuipelekea umeme. Kaboni ikichanganyika na oili huwa tope jeusi, hugusa na kuachia, na alteneta huchaji kwa shida hasa injini ikiwa polepole. Ndiyo taa yako ya steji. Wakati huo huo pampu yenyewe, au mpira wake, haivuti tena kama zamani, na pedeli inakuwa ngumu.

Fanya kipimo hiki kabla ya safari ya kwanza kesho. Injini ikiwa imezimwa, kanyaga breki mara tano au sita mpaka pedeli iwe ngumu kama ubao. Endelea kuishikilia kwa mguu, kisha washa injini. Pedeli inapaswa kuzama kidogo chini ya mguu wako. Isipozama, kisaidizi cha breki hakipati mvuto, na hilo gari lisibebe abiria.

Breki zenyewe bado zipo, ila zitahitaji nguvu ya mguu mara kadhaa ya kawaida, na hakuna anayejua kama mguu utatosha abiria wakiwa wamejaa kwenye mteremko wa kutoka Maseno kushuka Kisian. Na fikiria mkanda unaozungusha alteneta ukikatika: kuchaji kunakwisha na pampu inasimama papo hapo. Mvuto uliobaki kwenye kisaidizi hukupa mikanyago miwili mitatu mizuri, basi.

Kazi yenyewe si ya kutisha. Alteneta inashushwa, inaoshwa, sili inabadilishwa, kaboni mpya, beringi mpya, na mabawa madogo yaliyo ndani ya pampu yanaangaliwa kama yamelika. Mwambie fundi abadilishe na ile mipira miwili ya oili, maana ukipasuka mmoja njiani injini itamwaga oili yote kabla hujafika Luanda, na hapo mwenye gari hatakuwa akizungumzia alteneta tena bali injini nzima. Mwenye gari, nawe nakusemesha kwa heshima: siku moja gari likiwa karakana si hasara. Abiria wako ni watu wa Yala, Ugunja, Bumala, wanaokuamini bila kukujua.

Usukani uligeuka jiwe

*Dada, mimi ni muuguzi Kakamega, nina Vitz. Usiku mmoja nikitoka zamu mvua ikinyesha, nilikuwa nimewasha taa, waipa na feni ya kuondoa ukungu kiooni. Ghafla usukani ukawa mzito, taa nne tano zikawaka kwenye dashibodi, redio ikazima. Nikazima feni, mambo yakatulia. Kesho yake fundi alichomoa terminali ya betri injini ikiendelea kunguruma, haikuzimika, akasema alteneta ni nzima. Sasa taa ya injini imewaka na haizimi. – Muuguzi, Kakamega*

Dada yangu, ulichokiona usiku ule ni alteneta iliyoshindwa na mzigo. Usukani wa Vitz husaidiwa na mota ya umeme, wala hautumii oili kama magari ya zamani. Volti zikishuka, kompyuta huukata msaada huo kabla ya vingine ili kujilinda, na usukani unakuwa mzito mkononi. Taa nyingi kuwaka kwa mpigo mmoja, ya breki za ABS, ya usukani, ya injini, mara nyingi si magonjwa matano. Ni kompyuta kadhaa zinazolalamika kwamba umeme umepungua. Feni ya ndani peke yake hula karibu sawa na taa kubwa mbili, ndiyo maana ulipoizima vitu vilirudi.

Kuhusu kipimo alichofanya fundi wako, nitasema bila kuzunguka: kisifanywe na mtu yeyote kwenye gari lenye kompyuta. Nakipiga vita kila siku, na vijana ninaowafundisha kazi wanajua nikimwona mmoja akigusa terminali injini ikinguruma, siku yake imekwisha. Betri ndiyo inayotuliza umeme wa alteneta. Ukiichomoa ghafla wakati inachajiwa, volti hupanda kwa kishindo hadi makumi, kwa muda mfupi kuliko kupepesa jicho, na kishindo hicho hupita ndani ya kompyuta ya injini, ya usukani, ya mifuko ya hewa. Kinaweza kuua dayodi za alteneta iliyokuwa nzima. Na hata isipoharibu kitu, kipimo hakithibitishi lolote. Alteneta inayotoa volti 12.7 inaweza kuiendesha injini bila betri, lakini haiwezi kuichaji betri. Injini kutozimika si ushahidi.

Kipimo chako ni mita kwenye terminali, taa, waipa na feni vikiwa vimewashwa. Kisha gari lisomwe kwa mashine ya kompyuta. Mweleze fundi atakayelisoma kilichofanyika, ili kama msimbo wa hitilafu utakaoonekana umetokana na volti kushuka aufute na kuona kama utarudi baada ya alteneta kutengenezwa. Huenda hakuna kilichoungua.

Harufu ya yai bovu

*Mama Fundi, gari langu halina shida ya kuwaka hata kidogo, ila kila wiki naongeza maji kwenye betri, balbu zinakatika, na ndani ya boneti kuna harufu ya yai lililooza. Wenzangu wanasema ni joto la Kisumu. – Mfanyabiashara, Kondele*

Joto la Kisumu hukausha maji ya betri haraka kuliko huku kwetu, hiyo ni kweli. Lakini kwa wiki moja? Na balbu je? Hapana. Alteneta yako inatoa umeme kupita kiasi. Wengi hudhani alteneta mbovu ni ile isiyochaji. Hii yako ni mbovu kwa upande wa pili, na ndiyo ninayoiogopa zaidi.

Regyuleta, kifaa kidogo ambacho kwenye magari mengi kimo ndani ya alteneta yenyewe, ndicho kinachozuia volti zisivuke. Kikifa, nimeshaona mita ikisoma zaidi ya 16 injini ikikanyagwa kidogo. Ukiona zaidi ya 15 kwenye gari la kawaida, usiendelee kulitumia. Betri huchemka, maji yake hutoa gesi ya haidrojeni, na gesi hiyo hulipuka kwa cheche moja. Usiwashe sigara wala kiberiti karibu na boneti. Usiangalie usawa wa maji kwa mwanga wa moto. Usiiname juu ya betri uso ukiwa wazi. Asidi ikiruka jichoni, osha kwa maji mengi safi yanayotiririka kwa dakika 15 au zaidi na uende hospitali moja kwa moja.

Ukiongeza maji, yawe yale ya betri yaliyotoneshwa, si ya bomba wala ya ziwa, na usiongeze asidi. Unga mweupe kwenye terminali usafishe kwa maji ya uvuguvugu yaliyotiwa soda ya kuokea, gari likiwa limezimwa. Regyuleta hubadilishwa peke yake kwenye alteneta nyingi. Usikubali kuuziwa alteneta kamili kabla fundi hajakuonyesha kwamba koili na dayodi nazo zimekufa.

Salgaa, saa nne usiku

*Tukitoka Nakuru kwenda Eldoret na familia, taa ya betri iliwaka tukikaribia Salgaa. Tuliendelea tukafika Timboroa gari likafa barabarani gizani. Ingekuwaje ungekuwa wewe? – Baba wa watoto watatu, Langas*

Nashukuru Mungu mko salama. Ningeangalia kwanza kipimo cha joto la injini. Kwenye magari mengi madogo mkanda unaozungusha alteneta ndio huo huo unaozungusha pampu ya maji. Taa ya betri ikiwaka na joto likipanda, mkanda umekatika. Simama pale pale panapofaa, maana ukienda kilomita chache zaidi unachemsha injini. Joto likiwa sawa, unatumia betri peke yake, na hapo ni hesabu. Betri ya ukubwa wa NS60 hubeba karibu ampea-saa 45. Taa kubwa mbili za wati 55 hula ampea 9 hivi. Pampu ya petroli, plagi na vinginevyo vya injini hula takriban ampea 10 au zaidi. Kwa karatasi hiyo ni kama saa mbili. Kwa barabara, betri isiyo mpya na injini inayoanza kukohoa kabla betri haijaisha kabisa, mimi ningejihesabia chini ya saa moja. Ukiwa umewasha na feni ya joto kwa ajili ya watoto, punguza tena. Eldoret ni mbali, na mlima wote wa Sachangwan hadi Mau Summit uko mbele yako.

Kwa hiyo ningezima feni, redio, chaja za simu, kila kitu isipokuwa taa za barabarani. Taa usizizime ili kuokoa betri. Barabara ile ina malori usiku kucha, na afadhali gari life kituoni kuliko malori yalione yakiwa yamechelewa. Nisingezima injini hata sekunde moja, kwa sababu kuiwasha tena kungekula kilichobaki. Na nisingeipita Salgaa. Pana vituo vya mafuta, pana mwanga, malori hulala pale, na alfajiri fundi hakosekani.

Alteneta mpya, shida ile ile

*Fundi, nina pikapu hapa Bungoma. Nimebadilisha alteneta ya mtumba mara mbili. Mita ikisoma mgongoni mwa alteneta ni 14.3, kwenye betri ni 12.9. Hii ya pili nayo nirudishe? – Mkulima wa miwa*

Usirudishe. Umepima vizuri kuliko mafundi wengi, na jibu liko kwenye namba zako mwenyewe: volti 1.4 zinapotelea njiani. Kati ya alteneta na betri hazipaswi kupotea zaidi ya 0.3 hivi. Injini ikinguruma na taa zimewashwa, weka ncha moja ya mita kwenye skrubu kubwa ya alteneta na nyingine kwenye chanya ya betri. Kisha moja kwenye bodi ya alteneta na nyingine kwenye hasi ya betri. Upande utakaosoma kubwa ndio wenye ugonjwa. Kwa pikapu inayoingia mashambani naanza kushuku ule waya bapa unaounganisha injini na chesisi. Tope la miwa huula kwa kutu mpaka nyuzi zikabaki chache. Ufungue, piga msasa pande zote mbili mpaka chuma king'ae, kaza. Ukiwa umekatika nusu, weka mwingine mnene.

Kwa ufupi

*Kuosha injini kwa mashine ya maji ufukoni mwa ziwa kunaharibu alteneta?* Kunaweza. Ina matundu ya kupitisha hewa, na maji ya nguvu huingiza uchafu kwenye kaboni na kuondoa grisi ya beringi. Waambie vijana waifunike kwa mfuko wa plastiki, injini ikiwa imepoa, na wasielekeze mpira pale. Hali ni hiyo hiyo kwa mliovuka maji ya mafuriko huko Ahero: alteneta iliyozama ifunguliwe ikaushwe, hata kama inachaji leo.

*Mkanda unapiga kelele asubuhi, naupaka sabuni unanyamaza.* Sabuni inanyamazisha kelele, mkanda unaendelea kuteleza. Bonyeza kwa kidole katikati ya sehemu ndefu. Ukilegea kupita kiasi, ukazwe. Ukiwa unang'aa kama kioo upande wa ndani, una nyufa, au umelowa oili, ubadilishwe, na oili inakotoka ijulikane kwanza.

*Redio inavuma, na sauti inapanda nikikanyaga mafuta.* Dayodi. Pima kwa volti za AC kama nilivyomweleza Mwalimu.

*Lori langu la volti 24 linapaswa kusoma ngapi?* Kati ya 27.5 na 28.5 injini ikifanya kazi. Pima na kila betri peke yake. Zikitofautiana sana, moja inaiua nyenzake.

*Nanunua gari la mkononi hapa Nakuru, nitajuaje alteneta?* Kabla ya kuwasha, zungusha ufunguo mpaka dashibodi iwake, usistati. Taa ya betri lazima ionekane. Isipoonekana, balbu imekufa, waya umekatika, au kuna mtu ameichomoa ili usiione ikiwaka, na kwenye magari mengi waya wa taa hiyo ndio unaoiamsha alteneta ianze kuchaji. Washa injini, taa izime ndani ya sekunde moja mbili. Sikiliza upande wa mkanda: mluzi mkavu au mkwaruzo ni beringi. Kisha washa kila kitu chenye umeme, toa mita yako mfukoni, na usome namba kabla hujataja bei.